Kitabu Kisichojua Tundu la 7

Nilipoacha chuo nilinunua kinanda cha mdomo, kile cha matundu 10, na kitabu kilichoahidi muziki kwa siku saba. Miezi miwili baadaye bado nilikosea palepale. Nikajiambia: hata hiki kimenishinda.

Kumbe kitabu ndicho kilinyamaza. Ukipanda ngazi ya sauti, tundu la 4 hadi la 6 unapuliza ndio uvute. Kufika la 7, mambo yanageuka: unavuta kwanza. Na kule chini, "fa" na "la" hazipo kabisa; unazipata kwa kupinda sauti ukivuta.

Sasa wewe unayetuuzia namba tupu, usituite wazembe. Msomaji, kabla hujalipa, tafuta maelezo ya tundu la 7. Hayapo? Rudisha rafuni, songa.