Ukuta Usioonekana ndani ya Goti

Mfupa mrefu una gamba gumu nje na uboho laini ndani. Daktari anapoutoboa, mkono wake husikia kekee iking'ang'ana na gamba la kwanza, inatumbukia ghafla kwenye uboho, kisha inagota kwenye gamba la pili. Hapo ndipo anapotakiwa kupunguza nguvu. Akichelewa kidogo tu, ncha inatokeza upande wa pili, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Kipimo hicho hakisomwi kitabuni. Mwanafunzi hukipata akiwa amesimama ubavuni mwa mwalimu wake, mfupa baada ya mfupa.

Toleo hili zima la jarida tumeipa hisia hiyo ya mkono, pamoja na roboti zinazojaribu kuilinda. Nasema kuilinda, maana wapo wanaotaka ziirithi, nami nawapinga.

Mwaka 1992 huko Sacramento, California, roboti iliyoitwa ROBODOC ilichonga tundu la mfupa wa paja la mgonjwa aliyekuwa akiwekewa nyonga bandia. Ilichonga yenyewe, daktari amesimama kando tayari kuizima. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, ila ilimgeuza bingwa kuwa mlinzi wa mashine.

Brian Davies na wenzake wa Imperial College, London, walishika njia nyingine. Roboti yao, Acrobot, ilimwachia daktari kifaa mkononi. Alisukuma yeye, alikata yeye. Alipokaribia mpaka uliopangwa mapema kwenye picha za siti skani, mkono wa roboti ulianza kukaza, na ukingoni ukagoma kabisa, kana kwamba ndani ya goti mmejengwa ukuta. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006, magoti yote 13 yaliyokatwa kwa msaada wake yalinyooka ndani ya nyuzi 2 za mpango. Kati ya 15 yaliyokatwa kwa njia ya kawaida, yaliyofikia hapo yalikuwa 6. Wazo hilohilo ndilo linaloendesha Mako, mfumo uliozaliwa Florida, ambao kampuni yake ilinunuliwa na Stryker mwaka 2013 kwa takriban dola bilioni 1.65.

Nauheshimu sana ukuta huo, lakini wenyewe haujui kitu. Alama zilizofungwa kwenye mfupa ili kamera izifuate zikisogea bila mtu kugundua, ukuta nao unasogea, kisha unagoma kwa nguvu ileile mahali pasipo pake. Wa kung'amua ni daktari aliyekwisha kukata magoti mengi bila ukuta wowote, ambaye mkono wake unamwambia hapa pana kasoro. Hospitali itakayonunua roboti ikapunguza mafunzo itakuwa imenunua hatari kwa bei ghali. Tena kukata sawasawa ni jambo moja, mgonjwa kupanda ngazi bila maumivu ni jingine, na hilo la pili ndilo analolijia.

Huku kwetu wengi wanaolala wodi za mifupa hawakuja kubadilishiwa goti. Wamevunjika paja au muundi barabarani, mara nyingi kwa bodaboda. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali nyingine za ukanda huu hutumika chuma cha SIGN, shirika lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Washington, mwaka 1999. Chuma hicho huingizwa ndani ya mfupa na kufungwa kwa skrubu bila kuhitaji mashine ya eksirei chumbani. Mkono wa chuma ulioungwa nje huonyesha pa kutoboa. Kisha daktari hupenyeza kijiti chembamba akitafuta tundu asiloliona, mpaka kiingie na mkono ujue kimeingia. Hakuna umeme wala kompyuta, na bado ni kazi ileile ya roboti: kifaa kinauongoza mkono, na mkono unajibu.

Makala inayoeleza kijiti hicho nimeomba iwekwe ukurasa wa kwanza, mbele ya zote za roboti.