Kuchemsha Maji Hakuondoi Chumvi

Mtoto akiharisha tunamwambia mama achemshe maji, ayaache yapoe, kisha achanganye pakti moja ya ORS katika lita moja. Agizo hilo ni sahihi. Lakini katika vijiji vya pwani ya mashariki na kusini ya Unguja, ambako visima vingi vimeingia chumvi, agizo hilo peke yake halitoshi.

Chumvi ya pakti imekwisha kupimwa. Ukiitia katika maji yenye chumvi, unamzidishia mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini, na hiyo ni hatari. Moto huua vijidudu; chumvi hubaki sufuriani, na maji yakipungua huwa kali zaidi. Mama mwenye maji ya aina hiyo tu aendelee kunyonyesha, ampe mtoto uji mwepesi, na amlete kituoni mara moja.

Wazee wenye shinikizo la damu nao tunawakataza chumvi ya mchuzi, halafu wanaipata katika gilasi ya maji. Tusiwaite wakaidi.

Chumvi hii inatoka baharini. Mvua hupenya mawe ya maweni, na maji matamu hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya wataalamu, maji matamu yakishuka mita 1, ya bahari hupanda kutoka chini karibu mita 40. Kwa hiyo pampu yenye nguvu huikaribisha bahari kisimani. Na sasa bahari yenyewe inapanda, kwa sababu dunia inazidi kupata joto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mtalii mmoja hapa Unguja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, yaani ndoo 34 za lita 20! Sisemi hoteli zifungwe, vijana wetu wanafanya kazi huko. Nasema nazo zivune mvua, zisitegemee visima tu.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Baadaye Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchem kwa mabomba kutoka upande wa Bububu. Maweni hakuna chemchem ya namna hiyo. Kuna mapaa.

Paa la bati la mita 5 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 400. Nyingi tunaziacha zimwagike uani. Unahitajika mlizamu, na tangi lenye kifuniko kinachobana ili mbu wasizaliane. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemshwe. Hapo ndipo kuchemsha kunapofaa.

Najua tangi la saruji ni ghali kwa mvuvi au mkulima wa mwani. Ndiyo maana nasema tuanze pamoja. Masheha na kamati za maji waweke tangi la kwanza la shehia katika kituo cha afya, na maji yake yasifuliwe nguo wala kujengewa. Yawe ya wagonjwa, ya kuchanganyia ORS na ya mama aliyetoka kujifungua. La pili liwe la skuli.