"Vifaa vya umeme havirudishwi." Sawa, ila uliuliza kwanza?

Wafanyabiashara wenzangu, leo nakiri kosa.

Niko Lipingo, huku ziwani Nyasa, nauza spea za Land Rover za zamani kwa WhatsApp. Kila tangazo nilikuwa naandika kwa herufi kubwa: VIFAA VYA UMEME HAVIRUDISHWI. Najua wengi mnaandika hivyo.

Kuna mteja wa Mbinga anafufua Land Rover Series III ya marehemu baba yake. Hizi zilitengenezwa 1971 hadi 1985, spea zake hazipatikani kirahisi. Akasema taa za mbele hafifu, akiwasha indiketa zinapepesa. Akaomba altaneta. Nikatuma bei, akalipa, mzigo ukapanda basi. Kufunga, taa ni zile zile.

Nikamjibu: "Kaka, tangazo si ulilisoma?" Akasema tu, "Sawa dada."

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia: fundi wako ana mita? Awashe taa, ncha moja aweke hasi ya betri, nyingine kwenye waya mweusi nyuma ya taa. Ikasoma volti 2, wakati inatakiwa iwe karibu na sifuri. Yaani ethi mbovu! Bodi ya Land Rover ni alumini, chasisi ni chuma. Zikikutana na unyevu zinalika, ethi inakufa taratibu. Wakasugua kwa msasa, wakavuta waya mpya mpaka kwenye chasisi, taa zikawaka.

Altaneta nikaipokea, hela nikarudisha, nauli ya basi juu yangu. Iliniuma, lakini dalili alinitajia mwenyewe, nami nikawahi kutuma bei.

Msimamo wangu: "havirudishwi" ni haki yako kama uliuliza kwanza. Mteja anachotaka ni taa ziwake. Sasa kabla ya kupokea hela nauliza:

1. Gari ikiwa imezimwa, betri inasoma ngapi? Iliyojaa ni kama volti 12.6.
2. Injini ikiwaka je? Ikisoma 13.8 hadi 14.4, altaneta inachaji. Usinunue.
3. Ethi mmezisugua?

Wengine wanaishia hapo, hawanunui. Sawa tu. Hela ya kurudisha si hela.

Wewe unayeuza redio, chaja au sola, unauliza nini kabla hujapokea malipo? Tuambie kwenye komenti.