Jua la Sultan Hamud na bili ya stima

Msafiri yeyote wa Barabara ya Mombasa anaujua mji wa Sultan Hamud, Kaunti ya Makueni. Sisi wa Pwani una jina letu: umeitwa kwa Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Leo nautaja kwa sababu nyingine. Jua la huko ni kali, lakini nchini mwetu taasisi nyingi za umma bado huchemsha maji kwa stima au kuni.

Si kwamba hatukuambiwa. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifungwe mtambo wa kupasha maji kwa jua, utakaotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Majengo ya zamani yalipewa miaka mitano. Muda huo ulikwisha 2017.

Tupige hesabu. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula karibu yuniti 4.7 za stima. Hospitali ya lita 1,000 hula yuniti 47 kwa siku. Tuseme yuniti ni shilingi 20: hiyo ni shilingi 940 kila siku, zaidi ya 340,000 kwa mwaka. Jua likibeba asilimia 60, shilingi 200,000 na ushee zitabaki za kununua dawa na glavu.

Tena mtambo wenye tangi juu ya paa hauhitaji pampu. Maji yakipata moto hupanda yenyewe, ya baridi hushuka. Stima ikipotea usiku, mama aliyejifungua bado ana maji ya kuoga.

Hata hivyo, nina mashaka mawili. La kwanza ni maji yenyewe. Visima vingi vya Ukambani vina chumvi, na chumvi ikipashwa moto huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Mirija ikiziba, mtambo unabaki pambo la paa. Kwa hiyo panafaa mtambo ambao maji ya kisima hayapiti kwenye mirija ya juani, au tangi la maji ya mvua. La pili ni Juni na Julai, mawingu yanapotanda na baridi kuuma. Wakati huo stima lazima isaidie; ndiyo maana kanuni hazikudai asilimia 100.

Tangu 2013 hospitali hizi ziko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo hakuna haja ya kusubiri Nairobi. Ninachoomba ni tenda isiishie kwenye kufunga mtambo. Iandikwe humo nani atausafisha, mara ngapi, na kwa fungu lipi la bajeti. Wakazi wa Makueni waliulize hilo kwenye vikao vya bajeti, na sisi wa Kilifi, Kwale na Mombasa tuliulize kwetu pia.