"Kosirkwi" haina miguu: moto wa nyumba una mwenyewe

Bukavu – Kila mara moto unapopita katika nyumba za mbao za Kadutu ao za vilima vya Ibanda, neno ni moja. Moshi haujaisha, majirani wangali wanatafuta watoto na magodoro, na tayari kuna mtu amesema: "Ni kosirkwi." Wote wanaitikia kwa kichwa. Mwenye nyumba anasema pole, mchungaji anaomba, shefu wa kartiye anaandika hesabu ya nyumba zilizoungua, na maneno yanaishia hapo. Ni kama vile kosirkwi ni mgeni aliyeingia usiku, akachoma, akaenda zake bila kuacha jina.

Kosirkwi haina miguu. Haiingii yenyewe ndani ya nyumba. Inajengwa pole pole, waya kwa waya, na watu wanaojulikana: anayepangisha chumba bila kutazama waya, anayejiita fundi bila kujua kazi, na anayenyamaza juu anaogopa kufukuzwa. Kuita kazi ya mikono ya watu "bahati mbaya" ni kuandaa moto wa juma lijalo.

Chukua mfano wa mama aliyekimbia vita upande wa Kalehe ao Masisi. Amefika Bukavu na watoto watano na fuko moja. Amepata chumba kimoja cha mbao, amelipa garanti kwa feza za kukopa. Mwenye nyumba anamwonyesha ampuli moja na prizi moja, anamwambia: "Umeme uko." Mama anafurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba waya huo unatoka kwenye chumba cha jirani, ambao nao unatoka kwenye nyumba ya mbele, ambako ndiko kontere iko. Vyumba vinne vinakula kwenye waya mmoja, na waya wenyewe ulinunuliwa kwa ajili ya ampuli tu.

Hapa hesabu ni rahisi. Umeme wa nyumbani ni wa volti 220. Resho moja ya wati 1.500 inavuta karibu ampere 7. Familia nne zikiwasha resho kwa saa moja, hizo ni wati 6.000, yaani ampere 27. Waya mwembamba wa milimita 1,5 za mraba, ule wa ampuli, unalindwa kwa kawaida na disjonkteri ya ampere 10 ao 16. Ukiulazimisha kubeba 27 unapata joto. Plastiki yake inalainika, kiisha inayeyuka, nyaya mbili zinagusana, cheche inatoka. Pembeni kuna mbao kavu, pazia na godoro la sponji. Hiyo ndiyo kosirkwi. Hakuna uchawi ndani yake.

Tena kila mkaaji wa Bukavu anajua saa yenyewe. Umeme unakatwa mchana, unarudi usiku wa manane. Kelele za furaha zinapanda kartiye nzima, na kila nyumba inawasha kila kitu mara moja: resho, pasi, simu sita kwenye ralonji moja. Wengine hawakuwasha hata kitu: walilala umeme ukiwa umekatika, resho ikiwa imeachwa wazi na nguo juu yake. Umeme ukirudi, unawakuta wamelala.

Mtu atauliza: si kuna disjonkteri ao fizibli ya kukata? Ndiyo, ilikuwepo. Fizibli ilikatika mara ya kwanza, ikakatika mara ya pili, wapangaji wakalalamika. Mwenye nyumba akaita kijana wa avenyi, naye akafunga waya mnene wa shaba mahali pa fizibli. "Sasa haitakatika tena," akasema, na alisema kweli. Fizibli iliwekwa ili iyeyuke ya kwanza, nyumba ibaki. Ikishafungwa na waya mnene, kitakachoyeyuka cha kwanza ni waya wa ukutani, ndani ya mbao. Kijana huyo alilipwa kidogo sana. Bei rahisi ndiyo ghali.

Wakaaji wengi wanasema fundi ni fundi. Si kweli. Kubadilisha ampuli, kukiwa kumezimwa, kila mtu mzima anaweza. Kuchomoa resho kabla ya kulala, kuondoa nguo karibu na prizi, kutupa ralonji iliyochubuka, kupunguza vyombo kwenye prizi moja, kurudisha disjonkteri iliyoanguka mara moja baada ya kuchomoa kilichoiangusha: hayo yote ni kazi ya nyumba, hayaombi feza wala diploma.

Lakini kuna dalili ambazo zikionekana, mkono wa mwenye nyumba, wa mpangaji na wa kijana wa avenyi unapaswa kurudi nyuma, na fundi wa umeme aliyesomea kazi ndiye aitwe. Prizi ama ukuta ukiwa na joto. Harufu ya plastiki inayoungua, hata kama moto hauonekani. Prizi yenye alama nyeusi. Ampuli zinazofifia kila mara resho inapowashwa, ao zinazong'aa kupita kiasi kwa ghafla. Disjonkteri inayoanguka tena na tena. Mlio wa cheche ndani ya mbao. Na iliyo mbaya kuliko zote: mtu akigusa manjanja ya paa, kamba ya kuanikia nguo, bomba la maji ao friji, akahisi umeme mkononi. Hapo hakuna kungoja kesho. Umeme wote unazimwa kwenye kontere, watoto wanatolewa, fundi anaitwa.

Vilevile kazi zenyewe ziko ambazo si za kujaribu: kuvuta waya mpya kutoka kontere, kuongeza chumba juu ya waya wa zamani, kuunganisha waya wa alumini na wa shaba, kuweka disjonkteri, kuweka waya wa ardhini. Alumini na shaba zikisokotwa pamoja na kufungwa kwa kipande cha sashe, kiungo hicho kinaoza ndani na kupata joto siku kwa siku. Kwa nje kinaonekana kizuri tu. Ndiyo sababu nyumba inaweza kukaa miaka miwili bila shida, halafu kuungua usiku mmoja, na watu kusema: "Lakini ilikuwa ikifanya vizuri!"

Fundi wa kweli anatambulikana namna gani? Hatambulikani kwa koti wala kwa maneno mengi ya Kifaransa. Amesomea umeme katika shule ya ufundi ao amefundishwa kwa miaka na mtu anayejulikana, naye hakasiriki akiombwa karatasi ao majina ya watu aliowafanyia kazi. Anazima umeme kabla ya kugusa, na anapima kwa chombo kuhakikisha kwamba umezimika. Hapimi kwa kidole. Anauliza ni vyombo gani vitawashwa kabla ya kusema ni waya gani utanunuliwa: milimita 1,5 kwa ampuli, 2,5 kwa prizi, mnene zaidi kwa jiko la umeme. Anaweka disjonkteri inayolingana na waya, na anashauri ile ya kulinda watu, inayokata umeme wa miliampere 30 tu unapopotea kupitia mwili wa mtu. Hapandi kwenye nguzo ya barabarani kufunga waya usiku. Anayekubali kupanda usiku kwa feza ya bia ataua mtu, hata kama hana nia hiyo.

Hapa ndipo jibu la kila siku linapotoka: "Hatuna feza." Kwa mama aliyekimbia vita, jibu hilo ni la kweli, na hakuna mwenye haki ya kumcheka. Lakini swali halimhusu yeye kwanza. Linamhusu aliyepokea garanti yake.

Congo iko na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kuishi, na msingi wa upangaji ni ule ule tangu zamani: anayepangisha anapaswa kutoa nyumba inayofaa kukaliwa. Chumba chenye waya uliochubuka juu ya kitanda cha watoto hakifai kukaliwa. Mwenye nyumba akipokea garanti ya miezi mitatu, disjonkteri ndogo na mita chache za waya mzuri havimalizi hata sehemu ya feza hiyo. Anapaka rangi mlango ili apandishe kodi, lakini waya, ambao hauonekani, anauacha. Nyumba ikiungua, yeye anabaki na kiwanja. Mpangaji anabaki na nguo aliyovaa. Ndiyo maana mizani haiwezi kuwa sawa: mwenye kupoteza kila kitu ndiye anayeachiwa mzigo wa kulinda, na mwenye feza ndiye anayesema "ni mapenzi ya Mungu".

Kuna wenye nyumba wanaojibu kwamba hao wahami ni wageni wa muda, watavumilia. Jibu hilo ni aibu. Watu hao walikimbia nyumba zilizochomwa ama kuporwa. Haifai waje kuunguzwa na prizi mjini. Tena moto hauulizi nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Katika kartiye ambako ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwingine, ambako gari la zimamoto halipati njia ya kupita, waya mbaya wa chumba kimoja ni waya mbaya wa avenyi nzima.

Wengine wanasema kosa ni la wagawaji wa umeme, si la wakaaji. Kwa sehemu wana haki. Anayepokea feza za fakture anapaswa kuchunga nguzo na waya zake, na Congo imelipa bei kubwa ya kusahau hilo: tarehe 2 Februari 2022, huko Kinshasa, waya wa umeme wa nguvu ulikatika na kuangukia soko la Matadi Kibala, wakati mvua ilikuwa imejaza maji chini. Watu 26 walikufa, wengi wao wakiwa mama waliokuwa wakiuza na kununua. Waya ulioanguka barabarani haukaribiwi na mtu yeyote, hata fundi wa nyumbani. Watu wanawekwa mbali, na mgawaji wa umeme anaitwa mara moja. Lakini kosa la mgawaji linaishia kwenye kontere. Baada ya kontere, nyumba ni ya mwenye nyumba. Hawezi kumtaja mgawaji ili kuficha waya aliousokota yeye mwenyewe.

Basi kazi igawanywe kwa haki. Mwenye nyumba amlete fundi kabla ya kumwingiza mpangaji, si baada ya moto. Mashefu wa avenyi, wanaojua kila mlango, waulize juu ya waya jinsi wanavyouliza majina ya wageni. Mashirika yanayosaidia familia za wahami kulipa kodi yasihesabu miezi tu. Yatazame pia prizi, kwani feza inayolipia chumba kibovu inamlipa mwenye nyumba kwa ubovu wake. Familia zilizopokea ndugu bila kudai kitu hazina garanti ya kutumia, na hizo ndizo za kwanza kusaidiwa na kanisa, msikiti na kamati ya kartiye. Wapangaji wanne wa kiwanja kimoja waende pamoja kwa mwenye nyumba. Mmoja akienda peke yake anafukuzwa. Wanne wakienda pamoja wanasikilizwa, juu hawezi kupoteza kodi nne kwa siku moja.

Na kama moto wa umeme umeanza, watu wasimwage maji mpaka umeme uzimwe. Mchanga unafaa zaidi. Kama mtu ameshikwa na waya, asivutwe kwa mikono mitupu. Umeme ukatwe kwanza. Ikishindikana, aliye mahali pakavu amsukume atoke kwenye waya kwa mti mkavu. Wengi wamekufa wawili wawili kwa sababu wa pili alikimbia kumshika wa kwanza.

Mji huu unapata umeme kutoka Ruzizi, mto unaotoka ziwani hapa hapa mbele ya macho ya wakaaji. Ni neema. Wazazi waliosomea chini ya kibatari wanajua thamani yake. Lakini neema iliyofungwa kwa sashe inageuka kaburi. Safari ijayo mtu akisema "ni kosirkwi", jirani mmoja apate ujasiri wa kuuliza swali lililobaki: nani alifunga waya huo, nani alimlipa, na nani aliujua akanyamaza? Siku swali hilo litakapoulizwa mbele ya mwenye nyumba, kabla majivu hayajapoa, ndiyo siku wenye nyumba wengine wa avenyi hiyo watakapomtafuta fundi.