Ghorofa Zitolewe kwa Sharti

Kila asubuhi huwaona wapishi, mabawabu na hata walimu wakitoka Kawangware na Kangemi kwa miguu kwenda Lavington na Kileleshwa. Kazi wanapewa huko, mahali pa kulala hawapati. Enzi za ukoloni mitaa hiyo ilitengewa Wazungu. Siku hizi mlango hufungwa na kodi ya nyumba.

Huko Kilimani na Kileleshwa, nyumba nyingi zilizozungukwa na bustani zimebomolewa, na palipoishi familia moja pamesimama jengo la ghorofa kumi na zaidi. Je, ni nani aliyeipandisha thamani ardhi ile? Si mwenye ploti peke yake. Ni kibali cha kuongeza ghorofa, pamoja na barabara na maji ya umma. Kwa hiyo naona ni haki kaunti idai fungu lake: katika kila jengo kubwa, baadhi ya nyumba zipangishwe kwa kodi ambayo mwalimu aweza kuimudu. Johannesburg iliweka sharti kama hilo mwaka wa 2019, asilimia 30 katika majengo ya nyumba 20 au zaidi.

Wastawishaji watalia hasara. Basi na waongezewe ghorofa kidogo. Nisichokubali ni kulipa fedha badala ya nyumba, maana fedha hizo zitajenga mbali, na mpishi ataendelea kutembea.

Sheria ya mwaka wa 2024 humkata mwalimu asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Mbona aliyeruhusiwa ghorofa kumi asidaiwe hata nyumba moja?