Uzee wenye afya: kutoka kwa mnyoo hadi kwa fuko wa Afrika Mashariki

Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, ambako huteuliwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba, imemtukuza mnyoo mmoja mdogo zaidi ya mara moja, japo nishani zimevaliwa na binadamu.

Mwaka 2002 walishinda Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, John Sulston na Robert Horvitz. Mwaka 2024 wakatuzwa Victor Ambros na Gary Ruvkun. Wote walimchunguza Caenorhabditis elegans, mnyoo wa milimita moja ambaye huzaliwa, huzaa na kufa ndani ya wiki mbili au tatu.

Tuzo hizo hazikutolewa kwa utafiti wa uzee. Lakini ni kwa mnyoo huyo huyo ambapo Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha, mwaka 1993, kwamba hitilafu katika jeni moja tu, daf-2, hurefusha maisha maradufu. Mwaka 1997 maabara ya Ruvkun ilibaini kuwa jeni hiyo inafanana na zile ambazo kwa binadamu hupokea ishara za insulini. Hapo habari ya mnyoo ikawa habari ya watu.

Hata hivyo, kuishi sana si kuzeeka vyema. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa minyoo wenye hitilafu hiyo hutumia sehemu kubwa ya muda wao wa ziada wakiwa dhaifu.

Ndiyo maana macho ya wengi yamegeukia ardhi kavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia, anakoishi fuko asiye na manyoya. Ana ukubwa unaokaribia wa panya, lakini katika maabara huishi zaidi ya miaka 30, ni nadra apate saratani, na malkia wa kundi huendelea kuzaa uzeeni. Mwaka 2023 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walihamishia jeni moja ya fuko huyo kwa panya. Panya hao wakaishi muda mrefu kidogo, na wakiwa na afya bora zaidi.

Kwa hiyo mnyama wa Afrika Mashariki amefika maabara za ughaibuni. Jeni za majirani zake hazijafika kwa kiasi hicho. Jeni ya FOXO3, ndugu wa jeni nyingine ya mnyoo, ilihusishwa na maisha marefu mwaka 2008 kwa wanaume wa Hawaii wenye asili ya Japani, kisha kwa Wajerumani. Hazina za taarifa za jeni duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na dawa itakayobuniwa kwa kuzitegemea haina dhamana ya kumfaa bibi wa Machakos au Mtwara.

Jaribio moja la kuziba pengo hilo ni mradi wa AWI-Gen, uliochukua damu ya watu wazima katika nchi nne za Afrika, wakiwemo wakazi wa Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 40 hadi 60. Sasa wako uzeeni, au wanaukaribia.